Wafalme Pande Mbili za Ubao

Msimu ule Kitengela ilinuka vumbi na mizoga. Mvua ilikuwa imekataa tena, na baba alikuwa amewahamishia ng'ombe mbali, kupita Oltepesi, kutafuta majani, akatuacha sisi na mama kwenye kiploti chetu nyuma ya maduka. Miezi ikapita bila kumwona. Mwalimu Njoroge, aliyetufundisha chesi shuleni, alipotangaza mashindano ya Kajiado mjini, habari za kombe hazikuniingia kabisa. Nilichosikia ni kwamba huko baba angeweza kufika. Nikamtumia ujumbe aje, nikiwa nimepania kumrudisha nyumbani.

Njoroge alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kiambu, na mchezo wake haukuwa na huruma. Mfalme wako unamficha kushoto, mpinzani anamficha wake kulia, kisha kila mmoja anawarusha askari wake mbio kumvamia mwenzake. Anayetangulia ndiye anayepona. Jambo hilo lilinisumbua mno. Kwetu giza halikuingia kabla ndama wote hawajafungiwa zizini, kwa hiyo kila kipande kilichobaki peke yake nilitaka kukirudia. "Wewe Nasieku, wacha hiyo ndama yako," mwalimu alikuwa akiniambia. "Ukirudi nyuma mara moja tu, umeisha." Nikajilazimisha, nikazoea, nikaanza kuwashinda hata wavulana wa darasa la nane.

Baba alifika Kajiado nikiwa katikati ya mchezo wa mwisho. Alikuwa amekonda, shuka limepauka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chesi hakuijua, wala hakujua kwamba mchezaji hasemeshwi. Akakaa kando yangu, akautazama ubao kwa muda mrefu, nami nikamwonyesha mfalme wangu kwa kidole.

"Huyu wako, nani amebaki naye?" akaninong'oneza.

"Hakuna, papa. Wote wameenda mbele."

Akainamisha kichwa, nikajua anafikiria nyumbani. Ushindi ulikuwa mkononi mwangu, lakini moyo ulinikataa. Nikamrudisha farasi wangu akamlinde mfalme. Mpinzani wangu akapata nafasi aliyoihitaji, na mchezo ukaisha. Njoroge alitoka nje bila kuniangalia. Nilipomsihi baba turudi pamoja, alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa kwamba akiwaacha ng'ombe sasa, watakwisha. Jioni ile akaondoka.

Ng'ombe waliisha hata hivyo. Siku hizi baba anaishi nami hapa Kitengela, katikati ya maghorofa, na mimi ndiye ninayetoka kwenda kazini Nairobi watoto wangu wakiwa wamelala, nikirudi wakiwa wamelala. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alichagua mifugo akatuacha sisi. Sasa naona hakuwa na nguvu ya kuchagua. Aliendelea tu na alichokianza, kama mimi. Yeye ndiye anayewapikia watoto uji na kuwasubirisha hadi usingizi uwachukue. Nikiingia ananitazama, ananiuliza kama nimekula, na hanilaumu hata kidogo. Ningefurahi kama angenilaumu.