Taa Isiyo na Moto

Vifaranga thelathini na saba wa mamangu walikufa kwa baridi chini ya taa iliyokuwa ikiwaka. Tuliwakuta asubuhi ya Jumapili ndani ya boksi, ukumbini kwetu Utange, wamelaliana kwenye pembe moja. Juu yao balbu mpya ilitoa mwanga mweupe, safi, wa kusomea gazeti. Watatu waliosalia hawakufika adhuhuri.

Mama alikuwa amekwenda Likoni tangu Ijumaa, matangani kwa shangazi yake. Mvua ya masika ilikuwa siku ya nne haijakatika. Aliacha agizo moja: ile balbu kubwa ya zamani iliyoning'inia juu ya boksi isizimwe. Vifaranga wa kununua hawana mama wa kuwafunika, na joto lao lote lilitoka kwenye balbu ile. Kuku hao wangeuzwa Idi. Ilikuwa biashara yake ya kwanza, na baba aliikejeli tangu siku boksi lilipoingia mlangoni.

Jumamosi baba alirudi na mfuko wa balbu za kuokoa umeme. Alistaafu kwenye maghala ya Changamwe, na kila jambo hulifanya kwa mpango: vyumba, kisha jikoni, kisha chooni. Zile za zamani alizipasua kwa nyundo ndani ya gunia, asije mtu akazirudisha. Mwisho akafika kwenye boksi.

"Shika hii," aliniambia, akinipa balbu mpya aliyoifungua jikoni. "Imewaka saa nzima. Ina moto?"

"Haina."

"Basi. Ile ya mamako inakula stima kupasha hewa."

Niliishika, nikamshikia na kigoda alichopandia. Kusema, sikusema kitu. Mama hajanisamehe kwa hilo.

Aliporudi Jumapili alasiri hakulia. Alivua buibui, akalikunja, akamgeukia baba.

"Bwana, nilikuachia agizo gani?"

"Nisizime taa. Nimezima?"

"Hukuzima."

"Haya. Taa si hiyo inawaka?"

"Inawaka. Kama weye. Umo nyumbani, unaonekana, na hakuna anayepata joto."

Baba alichukua kofia yake akaenda msikitini, adhana bado.

Hii ni wiki ya tatu. Mama amehamia chumbani kwangu, na wanachoambiana hupitia kwangu. Boksi tupu lingali ukumbini, na ile balbu ya kuokoa umeme inawaka juu yake mchana na usiku. Baba anasema azime mwenye kuku. Mama anasema azime aliyeiweka.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, nilinyoosha mkono kwenye swichi. Sauti mbili, kutoka vyumba viwili, ziliniambia niiache.

Niliiacha.