Mama Pasi Arudi Kiwandani

"Mama Pasi, unakwenda jimu kuinua vyuma, kwani masufuria ya nyumbani umeyamaliza?"

Aliyeuliza ni jirani wa mlango wa pili, mke wa fundi viatu, mwanamke asiyepitwa na neno. Mama Pasi alikuwa kizingitini na gauni lake refu la maua, raba za kuazima miguuni, mkononi mfuko wenye taulo na chupa ya maji. Alijibu kwamba masufuria yapo, ila hayajui kusema "taratibu, unaniumiza." Jirani alianza kucheka, kisha akajizuia, maana alijua maneno hayo ni ya nani.

Yalikuwa ya wifi yake Mama Pasi, dada wa marehemu mumewe, Mungu amlaze pema. Tangu wote wawili wabaki wajane waliishi pamoja katika vyumba viwili, wakagawana chumvi na sala. Kisha kiharusi kikampiga wifi, kikamlaza upande mzima wa kushoto. Ulimi Mungu alimwachia, na waliomfahamu walishukuru huku wakiguna.

Siku moja Mama Pasi alikuwa anamtoa kitandani amkalishe kitini. Goti likamsaliti, wakaenda chini wote wawili kama magunia. Mwanzo walicheka. Wifi alisema pale pale sakafuni, "Nilimwambia kaka yangu, huyu mchukue kwa tabia yake, mikono yake ni mkate uliolowa chai." Wakacheka tena. Halafu wakajaribu kuinuka, wakashindwa, na kicheko kikawakaukia mdomoni. Walibaki pale wakisali kwa kupokezana, mpaka mtoto wa wifi, dereva wa lori aliyepita kusalimia, alipofungua mlango akawakuta.

Hakugomba, na afadhali angegomba. Aliwainua mmoja mmoja, akampangusa mama yake uso, kisha akamwita mkaza mjomba wake uani.

"Mama, mimi sikulaumu," akasema. "Lakini shule zikifungwa nitakuja na gari, nimchukue. Kwangu wapo watu wa kumwinua."

Kwake ni mbali, safari ya kutwa. Kwa umri wao, watu wakiagana kwa safari kama hiyo wanakuwa wameagana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Mama Pasi huyu mwenzake hakumwona mzigo hata siku moja. Alichokosa ni nguvu tu. Akasikia kwamba nguvu zinapatikana jimu. Ndipo akaazima raba.

Jimu yenyewe ilikuwa katika jengo alilolijua kama kiganja chake. Zamani lilikuwa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na humo yeye na wifi waliingia kazini wangali wasichana. Jina la Pasi alilipata humo, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kunyoosha. Na mume pia alimpata kupitia humo, kwani wifi ndiye aliyemchagua, akampelekea kaka yake habari kabla mwenyewe hajaulizwa.

Siku ya kwanza aliingia na adabu zake zote, akapita kumsalimia kila mtu kwa mkono. Alianza na bwana mmoja aliyelala chali, chuma kikiwa juu ya kifua chake, akamnyooshea mkono, akangoja. Maskini yule bwana akabaki kutumbua macho, hajui aachie chuma au aachie heshima. Akaenda kwa dada aliyekuwa anakimbia juu ya mkanda wa mashine, akampa pole ya safari. Mwalimu wa mazoezi, mama mfupi mwenye shingo nene ambaye wote walimwita Kocha, akaja kumshika bega, akamweleza kwa upole kwamba pale watu wanapungiana mikono tu.

Kocha akampandisha baiskeli isiyokwenda popote. Siku ya pili, baiskeli. Ya tatu, baiskeli, kisha ule mkanda. Mama Pasi hakuuliza kitu. Kwa mawazo yake jimu ni kama hospitali, unameza ulichoandikiwa. Na Kocha naye, alipoona mama mnene, alijua amekuja kupungua kama wenzake. Mambo ya kumwinua wifi kitandani, Mama Pasi aliona aibu kuyamwaga mbele za watu. Basi akawa anakanyaga, anahema, jasho linamwingia machoni.

Macho yakishindwa kuona vioo vya ukutani, yalikuwa yanaona ya zamani. Pale kwenye vioo palikuwa na mapipa ya maji ya moto. Sakafu bado ilikuwa imeinamia mfereji wake, na juu kwenye boriti kulabu za kamba za kuanikia zilikuwepo bado, zimepakwa rangi pamoja na dari. Akasikia harufu ya sabuni na mvuke. Akajiona na wifi yake wanakunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake, wanarudi nyuma wakivuta, kisha wanasogeleana ncha zikutane. Wifi alikuwa na umbea wa vipande. Wakikutana anatoa kipande, wakiachana anameza mate, wakikutana tena anaendelea. Shuka likiisha na habari haijaisha, walilikunjua wakalikunja upya. Jamani, ujana ni moshi.

Wiki zikapita. Kilima cha sokoni alianza kukipanda bila kusimama, na kwa hilo alimshukuru Mungu. Lakini kitandani kwa wifi mambo yalikuwa yale yale. Mpaka aitwe fundi viatu na mkewe, ndipo wifi aketi. Kisha yule dereva akapiga simu kusema ameshaomba ruhusa kazini.

Kesho yake Kocha alimpa kamba nene iliyofungwa kwenye sanduku la chuma, akamwambia avute. Mama Pasi aliishika kamba, na mwili ukakumbuka wenyewe. Miguu ikajipanua, kiuno kikashuka, mgongo ukanyooka, akarudi nyuma kama anavuta shuka lililolowa. Sanduku likaja linakwaruza sakafu. Lilipomfikia, akainamisha kichwa mbele na kutega sikio. Upande wa pili wa kamba hapakuwa na mtu.

Akakaa chini, akalia.

Kocha akachuchumaa karibu yake, akamuuliza panapouma ni wapi, goti au mgongo. Akampa maji. Akamtia moyo kwamba asikate tamaa, amevuta vizuri kuliko wengi, na mwili huo utapungua tu, ni suala la muda. Mama Pasi akajifuta kwa taulo. Yule bwana wa siku ya kwanza alikuwa anaangalia, na wengine pia, lakini aibu ilikuwa imeshamtoka.

"Mwanangu, unene wangu niachie," akasema. "Nyumbani nina wifi yangu hajiwezi, na shule zikifungwa wanamchukua. Nifundishe kumwinua mtu mzima kitandani bila kumwumiza."