Mwanamke Aliyenigeuzia Mgongo

Shule niliiacha njiani, lakini macho yangu hayajawahi kunidanganya. Haya yalinipata hapa Doonside, pembeni mwa Sydney, jua likiwa bado juu ya paa, na sikuwa nimelewa wala kuota. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Mjukuu wangu Wanjiru alikimbizwa na mbwa uwanjani nyuma ya stesheni. Akaanguka kifudifudi, kiatu kikamtoka. Nilikuwa na jirani yangu Mama Rosa, bibi kama mimi, ametoka Bolivia, mji wa milimani juu kabisa ya jiji lao kuu. Tunaelewana kwa Kizungu cha kuokoteza na kwa viazi, maana mimi ni wa Limuru, Kenya, na kwetu pia viazi ndivyo vilivyotulea. Basi akavua kofia, akaanza kuipunga pale mtoto alipoanguka, akiita, "Wanjiru, njoo! Wanjiru, twende!"

"Wanjiru si huyu hapa?" nikamuuliza. "Unamwita nani?"

"Huyo ni mwili tu. Roho imebaki pale alipoanguka. Ngoja."

Ningoje nini, mtoto anatoka damu? Nikamfunga mgongoni, nikaenda zangu, kiatu nikakiacha.

Tangu hapo mtoto akawa si mtoto. Hali, halali, ukimwita anakutazama kama dirisha. Hospitalini wakapima, hawakuona kitu. Binti yangu, nesi mzima, analia bafuni akidhani simsikii. Nami kuketi sikuweza: jikoni, mlangoni, uani, jikoni tena.

Jioni moja nilikuwa naanua nguo. Kugeuka, mwanamke amesimama ndani ya geti: nywele mikia miwili hadi kiunoni, kofia ya duara, mzigo mgongoni kwenye nguo ya mistari mikali. Hakusalimu. Akanigeuzia mgongo, akainama kidogo. Ewe uliyelea, hiyo unaijua. Mwanamke akikuinamia hivyo anataka umpokee mtoto, na kwetu hata adui humkatalii. Nikapokea.

Niamini, ile nguo ilikuwa baridi kama Limuru asubuhi ya Julai, na ndani mna uzito wa mtoto aliyelala. Nilimhisi akipumua. Nikafunua. Hakuna mtu! Kiatu cha Wanjiru tu. Papo hapo nikasikia Wanjiru akiniita bibi kwa Kikuyu kutoka ndani ya nyumba: "Cucu! Nina njaa!" Uzito ukaniishia mikononi. Mwanamke naye hayupo. Geti letu hulia likiguswa. Siku hiyo halikulia.

Wanjiru alikula hadi mamake akaogopa. Kisha akasema, kwa Kizungu chake, ati alikuwa kwa bibi mwenye kofia, kwenye baridi, ukichungulia unaona jiji lote chini kama makaa yaliyomwagika, na viazi vyao ni vyeusi, hukanyagwa kwa miguu vitoke maji vikauke. Mtoto wa Sydney ameyatoa wapi hayo?

Mama Rosa alipoiona nguo aliketi sakafuni. "Ni ya mama yangu," akasema. "Tulimzika nayo kule kwetu."

Nguo ninayo mpaka leo, na hata niianike juani haipati joto. Wanjiru ni mzima, mdomo kunishinda. Lakini jioni nyingine huacha kucheza akapungia geti mkono, nami huinuka nikafunga mlango, nikaufungua, nikaufunga. Sijui yule bibi huja kumsalimu au kumdai.

Kwa hivyo mtoto wako akianguka, usimkwapue ukakimbia. Simama pale pale, umwite jina mpaka aje mzima. Wenye masomo wakikucheka, wewe ita tu. Si kila mtoto aliyeachwa nyuma hupata bibi wa watu wa kumbeba.