Neno Moja la Fundi Saa

Fundi saa aliapa kwamba watoto wake hawataijua mahakama ya mirathi. Yeye na ndugu zake waliisotea nyumba ya baba yao miaka kumi na mmoja. Hukumu ilipotoka, paa lilikuwa limeshaporomoka. Kwa hiyo, angali mzima, aliandaliwa hati ya kumpa nyumba yake mwenyewe kitinda mimba wake, binti aliyemuuguza mamake mpaka mwisho. Wanawe wawili wa kiume alikwisha kuwapa viwanja, wakaviuza.

Ilibaki asaini mbele ya mwanasheria. Hati akaitia kwenye droo, chini ya mikanda ya saa.

"Baba, twende basi tukamalize," binti alimwambia.

"Mbona una haraka ya kunizika? Nikisaini tu, nimekuwa mpangaji wako. Utanifukuza kwa kukoroma!"

Wakacheka. Mwaka ukapita, na wa pili ukaufuata.

Kiharusi kilimkuta mezani, lenzi ingali jichoni. Akili ilibaki timamu, lakini mkono wa kulia ulikufa, shingo ikakataa kumtii, na katika maneno yake yote likasalia moja: hapana. Una njaa, baba? Hapana, na huku anaachama apokee kijiko. Wajukuu wakampachika jina: Babu Hapana.

Binti akamleta mwanasheria nyumbani. Kaka mkubwa naye akaja, akaketi karibu na mlango.

"Mzee," mwanasheria aliinama, "unampa binti yako nyumba hii kwa hiari yako?"

Mzee alikusanya nguvu zote. Alilitafuta neno kama mtu anayepapasa sakafuni skrubu ndogo iliyomponyoka. Akalihisi limefika ulimini.

"Hapana."

"Anakubali huyo!" binti alipaza sauti. "Muulize kama yeye ndiye baba yangu, atakujibu hivyohivyo. Mtazame macho!"

"Dada yangu, macho hayasajiliwi," mwanasheria alimjibu.

"Kasema mwenyewe, tena mbele ya mashahidi," kaka alidakia. "Yaliyobaki tutayamaliza kortini, siku akitangulia."

Mwanasheria akafunga mkoba wake. Binti alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumfuta baba yake mate kidevuni, taratibu, bila kumtazama.

Mzee alitaka kumwomba radhi. Lakini alilijua neno litakalotoka, akaubana mdomo.