Aliye Ndani ya Mstari Haongeleshwi

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume hakujua kutulia. Wenzake walimpachika jina la Mama Mbio, naye hakuchukia. Ila tangu mwaka jana kulikuwa na kitu kinamkimbiza. Siku moja mwaka huo alikuwa akivuta dawa kwenye sindano, ndugu wa mgonjwa akamuuliza choo kiko wapi. Akamwelekeza, akarudi mezani, akamdunga mzee wa kitanda cha nne dawa ya kitanda cha tano. Mzee alipona. Yeye ndiye hakupona.

Basi watafiti walipokuja kueleza matokeo yao, kwamba muuguzi akikatizwa anapoandaa dawa makosa huongezeka, wenzake walipiga miayo. Yeye jasho lilimtoka. Ripoti ikatiwa kabatini. Kesho yake aliitoa, akapiga magoti na kubandika utepe mwekundu sakafuni kuizunguka meza ya dawa.

"Aliye ndani ya mstari haongeleshwi," akatangaza. "Isipokuwa kama mtu anakata roho."

"Wodi imegeuka uwanja wa mpira!" daktari akacheka, akauvuka na faili lake.

Wiki nzima ikawa vurugu. Simu zililia hadi zikachoka, ndugu wa wagonjwa wakanuna. Nyumbani mumewe alimwambia, "Mke wangu, unakula umesimama. Keti basi." Akaketi, goti likicheza chini ya meza.

Siku ya tisa daktari aliuvuka tena. Muuguzi mgeni, binti ambaye hata salamu aliitoa kwa kunong'ona, alikuwa akipima dawa ya moyo.

"Dada, faili la kitanda cha pili liko wapi?"

Binti hakugeuka. "Daktari, naomba urudi nyuma ya mstari."

Mama Mbio alikuwa mlangoni, akitazama. Daktari alitazama viatu vyake, akarudi hatua mbili, akangoja. Binti akasoma lebo upya, akairudisha chupa. "Hii ni ile kali," akasema. "Nilichukua isiyo sahihi."

Daktari hakucheka tena.

Mwisho wa mwezi mganga mkuu wa hospitali alimwita Mama Mbio, daftari la makosa likiwa wazi mbele yake.

"Mbona yameongezeka? Mwezi jana mawili, sasa kumi na moja!"

"Hayajaongezeka, mkuu. Watu wameacha kuyaficha. Na tisa kati ya hayo yalikamatwa mezani, hayakumfikia mgonjwa."

"Na mawili?"

"Hayo mawili," akajibu, tayari ameshasimama, "ndiyo yananirudisha wodini sasa hivi."