Msibani kwa Jirani

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, hapa hapa Sydney, tulipokuwa tukiishi mtaa wa Cabramatta na shangazi Yudita, aliyenilea katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Jirani yetu Mvietnamu, mzee aliyetuletea mboga za bustani yake tangu tulipohamia, alifariki. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, tukaenda msibani.

Kila mgeni alipewa vijiti vya ubani, aviwashe, ainame mbele ya picha ya marehemu na kuomba. Mtoto wa marehemu, mwanamume mzima, akamnyooshea shangazi vya kwake. Shangazi hakuvipokea.

Kiingereza hakukijua, mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Nikamnong'oneza, "Shangazi, chukua tu. Au nitawaambia mkono unakuuma, yaishe."

"Usinisemee uongo kwenye msiba wa watu," akanijibu taratibu. "Mwambie hivi: mimi namwomba Mungu peke yake. Lakini baba yake nilimpenda, nimekuja kulia nao."

Kweli iliyo uchungu si uongo ulio mtamu, ndiyo, lakini kuitamka ni kazi. Nikaisema kwa Kiingereza. Yule bwana akakunja uso.

"Kama hutaki kumheshimu, umekuja kufanya nini?"

Shangazi hakungoja nimtafsirie. Alitandika kitenge chake sakafuni, miguuni pa mjane, akaketi, akamshika mikono. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha kwetu Burundi, akiyataja mema ya marehemu moja baada ya jingine. Mjane, ambaye siku nzima alikaa mkavu kama jiwe, akamwegemea begani, akalia naye. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake.

Mahubiri juu ya wapatanishi nilikuwa nimeyasikia mengi. Siku ile nilimwona mpatanishi mwenyewe. Yule bwana akaviweka vijiti mezani, akaenda jikoni, akarudi na chai. Alimpa shangazi kwa mikono miwili, kichwa chini.

Basi sikia. Maandiko yanatutaka tukae kwa amani na watu wote, kadiri tuwezavyo. Hayakusema amani hiyo tuipate kwa kumkana Mungu, wala kwamba ukishamtii Mungu una ruhusa ya kumdharau jirani. Dhamiri ikikukataza kuinama, usikimbilie mlangoni. Sema kweli kwa upole, kisha keti chini na wanaolia.

Mungu akupe moyo usioyumba mbele zake, na mikono laini kwa watu wake. Uishi, mwanangu, hata wajukuu zako wavione vyote viwili kwako.