Nyiransengimana na Mwasi Mwenye Koti la Mumewe

Mama Nyiransengimana, aliyekuwa msomaji wa kanisa letu dogo la Bijombo, kijiji cha milimani, kwa miaka thelathini na mmoja, hakukaa darasani zaidi ya miaka mitatu. Nami niliyefundisha maisha yangu yote naandika kwa fahari kwamba somo langu kubwa nililipata uani kwake, mwaka 1966.

Mwaka huo waasi waliopigana na serikali walimpora ng'ombe kumi na wawili na kumvunja mumewe mkono. Wiki mbili baadaye wanaume wetu walimkamata mmoja wa waasi hao, Cyprien, amejeruhiwa mguu, mwilini amevaa koti la mume huyo. Walimleta kwa mama ili auawe mbele ya nyumba iliyokosewa. Lakini kwetu jambo zito halianzi bila Neno. Hivyo shemeji yake, Kamanzi, akamwomba asome.

Akasoma habari za nabii Yona, aliyekasirika kwa kuwa Mungu aliuhurumia mji wa Ninawi, watu wake na mifugo yake.

"Shemeji, Ninawi walitubu, wakavaa magunia," Kamanzi akasema. "Huyu iko na koti ya kaka yangu!"

"Basi iko anasikia baridi," mama akajibu. "Na nabii alinuna kama weye. Mungu alimubembeleza, lakini mji hakuuchoma."

Watu wakacheka. Kamanzi hakucheka, alishika mkuki.

Ndipo mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe pekee aliyebaki, akamnywesha Cyprien machoni petu. Kwa desturi yetu, aliyekunywa maziwa ya nyumba ni mgeni wa nyumba hiyo: hakuna wa ukoo awezaye kumdhuru, na wanaume wa ukoo humsindikiza mpaka awe salama.

Kamanzi akauchomeka mkuki ardhini. "Shemeji, umenifunga mikono!"

"Mikono yako iko muzima. Mguu wake ndio mugonjwa, na hospitali ya Lemera ni mbali."

Tukatengeneza machela ya mianzi. Siku mbili Kamanzi alibeba mbele, mimi nyuma, naye akinung'unika kila kilima. Hospitalini muuguzi alifungua daftari, akauliza mgonjwa ni wa nani.

Kamanzi akamtazama Cyprien.

"Andika," akasema, "ni wa nyumba ya kaka yangu."